Filamu Haikimbii: Istilahi na Gharama ya Picha

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wanafunzi wa upigaji picha ni "kasi ya filamu". Mwanafunzi alisikiapo neno kasi hufikiria mwendo, ilhali filamu hutulia tuli ndani ya kamera wakati picha inapopigwa. Je, kasi hiyo ni ya nini?

Jibu limo katika historia. Wapiga picha wa karne ya 19 walitumia mabamba ya kioo, na bamba lililotosheka na mwanga wa muda mfupi ndilo lililohesabiwa kuwa la kasi. Mnamo 1890, Ferdinand Hurter na Vero Driffield walichapisha nchini Uingereza njia ya kuipima sifa hiyo kisayansi. Nasi tulipolipokea neno, tulilitafsiri umbo lake tukaiacha dhana. Mimi ningependekeza "usikivu wa filamu kwa mwanga".

Usikivu huo una gharama. Juu ya filamu pana tabaka la jelatini lililosheheni chembe za chumvi za fedha. Chembe kubwa hunasa mwanga mwingi kuliko ndogo, kama beseni likingavyo matone mengi ya mvua kuliko kikombe. Hata hivyo, picha iliyojengwa kwa chembe kubwa huparuza macho inapokuzwa, na vijambo vidogo vidogo, kama vile unyuzi wa nguo, hupotea.

Tuchukue mfano. Filamu ya Ilford Pan F Plus ina kipimo cha ISO 50, na HP5 Plus kampuni hiyo hiyo huipa ISO 400. Kila tarakimu inapoongezeka maradufu, mwanga unaohitajika hupungua kwa nusu. Kwa hivyo HP5 Plus huhitaji sehemu moja tu kati ya nane. Pale inaporidhika na 1/250 ya sekunde, Pan F Plus hudai takriban 1/30, tundu la lenzi likiwa lile lile. Mwanariadha atimkaye mita 10 kwa sekunde husogea sentimita 4 katika muda ule wa kwanza, na sentimita 33 katika ule wa pili. Chembe za Pan F Plus ni laini kweli, lakini mwanariadha huyo atatoka kama ukungu.

Hapa ndipo istilahi inapopotosha mara ya pili. Aliyelelewa kwa methali "haraka haraka haina baraka" huenda akaamua kwamba filamu ya kasi ni mbovu daima. La hasha! Jengo lililosimama juani lafaa ISO 50. Mchezo wa magharibi hudai 400 au zaidi. Ubora wa picha hauna budi kupimwa kwa kusudi lake.

Yamkini msomaji atasema kwamba siku hizi twatumia simu. Tarakimu za ISO zimo humo pia. Tofauti ni kwamba simu haibadilishi chembe, bali hukuza ishara hafifu ya mwanga mchache, na chengachenga hukuzwa pamoja nayo. Gharama ingalipo.

Walimu wenzangu, tusiwakaririshe wanafunzi tarakimu. Tuwaulize kwanza: mwanga ni kiasi gani, kipigwacho picha chatembea au kimetulia, na picha itakuzwa kiasi gani? Ajuaye kuyajibu hayo ataijua filamu hata kama jina lake litaendelea kumchenga.