Kompyuta ya Gemu Ikichemka, Usikimbilie Kununua Feni

Gemu linaanza vizuri. Baada ya nusu saa picha zinakwamakwama, kasha linanguruma, kisha skrini inazima ghafla. Mafundi wa haraka hutoa jibu moja: Windows imeharibika, tuipige upya. Mwenye kompyuta analipa, anapoteza mafaili yake, na jioni hiyohiyo inazima tena.

Kujizima huko ni kinga. Prosesa nyingi za Intel zimewekewa kikomo cha nyuzijoto 100. Zikikaribia hapo zinapunguza kasi zenyewe, ndiyo maana gemu linakwama. Joto likizidi, zinakata umeme zisiungue. Prosesa za AMD Ryzen 7000, zilizotoka mwaka 2022, zimeundwa kuhimili nyuzi 95 zikiwa kazini, kwa hiyo namba hiyo peke yake isikutie hofu.

Anza kwa kusoma namba. Programu ya bure kama HWiNFO huonyesha joto la kila kifaa na mizunguko ya feni kwa dakika. Iwashe huku gemu likiendelea. Prosesa ikiwa 99 na kadi ya picha 65, ya nini kuifungua kadi?

Kwenye feni ndipo watu wengi wanapopotea. Kadi nyingi za picha za sasa husimamisha feni zake makusudi joto likiwa chini, na wengi wamezitupa feni nzima wakidhani zimekufa. Ipe kadi kazi nzito kwanza. Feni ya prosesa au ya kasha ikisoma sifuri, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha hamishia plagi ya feni hiyo kwenye pini nyingine za mazabodi na uwashe tena. Ikizunguka huko, feni ni nzima. Mbovu ni pini za mwanzo au mpangilio wake ndani ya BIOS. Isipozunguka popote, zima tena, kagua waya, halafu isukume kwa kidole. Ikikwaruza au kuyumba, beringi imekwisha. Wapo wanaotia tone la mafuta, na kweli inanyamaza kwa muda, lakini mimi ningenunua mpya.

Kuna pia feni nzima iliyofungwa kinyume. Hewa hutokea upande wenye mikono ya fremu inayoshika mota. Feni ya nyuma ikivuta hewa ndani badala ya kuitoa, joto la prosesa litaenda wapi?

Vumbi nalo, hasa Dar es Salaam na Mombasa ambako unyevu huligandisha kwenye mapezi ya kipozeo. Ukipuliza kwa blowa, zishike pangaboi zisizunguke, maana kasi ile huua beringi. Ukishang'oa kipozeo, futa pesti ya kupitishia joto ya zamani na upake mpya. Hilo halina mjadala.

Na feni haiwezi kukipoza kifaa kupita hewa ya chumbani. Chumba cha Februari chenye nyuzi 33, kasha limesukumwa ndani ya kabati la meza, hakiwezi kutoa namba za kijana wa Iringa anayecheza kwenye ubaridi. Litoe kasha kabatini kabla hujatumia hata senti.

Ukiamua kwenda kwa fundi, mwombe akuonyeshe joto kabla ya kazi na baada ya kazi, gemu likiwa linaendelea. Akikataa, beba kompyuta yako uondoke.