Kipande House, Nyumba Iliyobaki na Jina Lake

Mtu apitaye Barabara ya Kenyatta mjini Nairobi, akikaribia njia panda ya Loita Street, huona jengo la mawe ya kuchongwa, fupi kuliko majumba yalizungukayo. Jina lake ni Kipande House, na vijana wengi huingia na kutoka mlangoni mwake bila kujiuliza jina hilo lilitoka wapi.

Jengo hilo lilijengwa katika mwaka wa 1913, na aliyelichora ni Bwana Gurdit Singh Nayer. Halikujengwa kwa ajili ya kipande hata kidogo, kwani sheria yenyewe ilikuwa haijatungwa. Njia ya reli wakati huo ilipita karibu, ilipo sasa Uhuru Highway, na mahali hapo palifaa sana kwa bohari.

Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa katika mwaka wa 1915, lakini kwa sababu ya Vita Kuu haikuanza kutumika mpaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alipaswa kuandikishwa na kupigwa alama za vidole. Ndipo watu walipofika katika nyumba hii, wakatoka na karatasi iliyotiwa ndani ya kijikasha cha bati, nacho kikatungikwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Jina hilo latosha kueleza walivyokiona.

Lakini uzito wa kipande haukuwa katika bati, bali katika maandishi. Humo mliandikwa jina la mtu, kabila lake, kazi aliyofanya, siku alipoanza na mshahara aliopewa. Tajiri mpya akiusoma mshahara wa zamani alijua ni kiasi gani kidogo kingetosha. Tena mfanyakazi hakuweza kuondoka mpaka tajiri wake atie sahihi ya kumwachilia. Aliyekwenda zake bila sahihi alihesabiwa mtoro, akatafutwa na polisi, akashtakiwa. Mzungu na Mhindi hawakuchukua kitu cha namna hiyo.

Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya Bwana Harry Thuku asimame kuwatetea wafanyakazi. Alipokamatwa mwezi wa Machi 1922, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai afunguliwe, na tarehe 16 wakapigwa risasi. Kwa hesabu ya Serikali walikufa watu 21. Hata hivyo kipande kiliendelea kuvaliwa miaka mingine 25, mpaka 1947, ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa mataifa yote.

Katika mwaka wa 1976 jengo lilinunuliwa na Kenya Commercial Bank, benki ambayo asili yake ni National Bank of India iliyofika Mombasa mwaka wa 1896. Wenye benki wangaliweza kulipa jengo jina jingine lisilo na uchungu. Hawakufanya hivyo, na walitenda vema. Neno lenyewe pia halikufa, kwa maana hata leo Wakenya wengi hukiita kitambulisho chao kipande. Mtu afikapo katika dirisha la benki kutaka fedha zake huombwa akionyeshe, naye hukitoa mfukoni.