Nakala Kuukuu ya Kisiwa chenye Hazina: Nani Anasimulia?

Walimu wa fasihi tumezoea makosa ya mtahiniwa ambaye hakusoma kitabu. Makala haya yanahusu kosa la aliyesoma kwa makini kitabu chenye upungufu.

Mwanafunzi mmoja wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, alikuwa na nakala kuukuu ya Treasure Island, riwaya ya maharamia ya Robert Louis Stevenson iliyotoka kama kitabu mwaka wa 1883. Frederick Johnson aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 1929 kwa jina Kisiwa chenye Hazina. Mwanafunzi aliinunua nakala yake ya Kiingereza kwa wauza vitabu wa 'inama', kando ya Barabara ya Jogoo. Katika zoezi la kulinganisha wasimulizi, aliandika kuwa Jim Hawkins anasimulia riwaya yote. Nilipomkosoa alijibu, "Mwalimu, nimekisoma chote." Tulipokifungua, sura ya 16, 17 na 18 zilikuwa zimeng'oka.

Mbona hakugundua? Sura ya 15 inakoma Jim anapoiona bendera ya Uingereza ikipepea juu ya miti. Sura ya 19 inaanza Ben Gunn, aliye pamoja naye, anapoiona bendera hiyo hiyo. Kisa kinaungana bila pengo.

Sura tatu zilizokosekana zinasimuliwa na Daktari Livesey. Sababu yake ni ya kifani. Msimulizi wa nafsi ya kwanza husimulia aliyoyaona, aliyoyasikia au aliyoambiwa. Jim alikuwa ameshuka kisiwani pamoja na mabaharia wa Silver, hivyo hakushuhudia jinsi wenzake walivyoihama merikebu na kuingia bomani. Mwandishi hakumgeuza Jim kuwa msimulizi maizi, bali alimpa daktari nafasi. Mipaka hiyo hiyo ndiyo inayozaa taharuki katika sura ya 11: Jim amejificha ndani ya pipa la matufaha, nasi tunaijua njama ya Silver kwa kadiri tu masikio yake yanavyoinasa.

Hata hivyo, ishara moja ilibaki. Katika sura ya 19 maiti ya Tom Redruth imelazwa bomani, haijazikwa. Nilimwuliza mwanafunzi, "Huyu aliuawa lini?" Alinyamaza, kisha akaanza kuhesabu kurasa.

Watahiniwa wengi husoma vitabu vilivyokwisha kupita mikononi mwa wengine, na hilo si la kulaumiwa. Jambo la kwanza ni kuhakiki idadi ya sura. Riwaya hii ina 34. Pili, katika kila sura jiulize: nani anasimulia, anajua nini, na amejuaje? Tatu, ukikutana na tukio lisilo na chanzo, usilipite. Rudi nyuma ulitafute, au linganisha nakala yako na ya mwenzako kabla ya kuandika jibu.