Picha kali huinua bei ya sarafu ya kale

Mwenye heller 20 ya Kijerumani iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 (ndilo jina lililotupa neno 'hela') huiuza kwa picha, kwani wakusanyaji wengi wako mbali. Picha yenye ukungu humfanya mnunuzi ashuku mkwaruzo uliofichwa, akapunguza bei.

Kamera ya dijitali iwekwe kwenye alama ya ua, ambayo ni ya vitu vya karibu, na flashi izimwe maana hufuta maandishi. Katika umbali huo hata kidole huitikisa, hivyo itumie stendi ya miguu mitatu na ijipige yenyewe baada ya sekunde 2. Lenzi ielekee sarafu sawasawa. Ikikaa mshazari, ukingo mmoja hufifia.

Taa iwe ubavuni, ndipo herufi T, alama ya Tabora, huinuka. Rangi nayo ni fedha. Zipo za shaba nyekundu, chache zaidi, na za shaba ya njano. Chini ya balbu ya manjano hufanana. Karatasi nyeupe ikiwekwa chini, kamera irekebishwe hadi karatasi ionekane nyeupe kweli.

Kuisugua kwa ndimu kwanza? Hapana, wakusanyaji huigundua mara moja.