Sergei Ignashevich: Miaka 20 Katikati ya Ngome

Sergei Ignashevich alizaliwa Moscow tarehe 14 Julai 1979 na kulelewa kisoka katika timu za vijana za Torpedo, klabu ya mji huohuo. Hata hivyo, soka ya kulipwa aliianzia mbali na macho ya wengi. Mwaka 1998 alijiunga na Spartak-Orekhovo, timu ya mji mdogo wa Orekhovo-Zuyevo ulio mashariki mwa Moscow, na msimu uliofuata akahamia Krylia Sovetov ya Samara, kando ya mto Volga. Samara ndiko alikozoea Ligi Kuu. Kwa beki wa kati kijana, timu ya namna hiyo ni shule nzuri, kwa kuwa inashambuliwa mara nyingi na makosa yake hayafichiki.

Mwaka 2001 kocha Yuri Semin alimchukua Lokomotiv Moscow. Semin alikuwa akijenga timu ngumu kufungika, na Ignashevich, mwenye urefu wa karibu mita 1.86, mguu wa kulia wenye pasi ndefu na utulivu uliozidi umri wake, alipata namba mapema. Kombe la Urusi lilikuja mwaka huohuo wa kwanza. Mwaka 2002 Lokomotiv na CSKA zilimaliza ligi zikiwa na pointi sawa, ikabidi bingwa apatikane kwa mechi moja ya ziada, iliyochezwa tarehe 21 Novemba katika uwanja wa Dynamo. Dmitri Loskov alifunga mapema, na muda wote uliobaki ukawa wa kulinda bao hilo moja. Lokomotiv ikatwaa ubingwa wa kwanza wa Urusi katika historia yake.

Mwanzoni mwa 2004 Ignashevich alihamia CSKA, timu ileile aliyoinyima ubingwa, akabaki huko hadi mwisho wa safari yake ya uchezaji. Kocha Valery Gazzaev alicheza na mabeki watatu wa kati. Ignashevich alisimama katikati, pacha Aleksei na Vasili Berezutski wakiwa pembeni yake, na nyuma yao akiwa kipa kijana Igor Akinfeev. Katika mfumo huo, mabeki wawili wa pembeni hutoka kuwakabili washambuliaji, naye wa kati hubaki akifunika nafasi wanazoziacha. Kazi yake ni kuona mapema. Lazima ajue mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa, amwite mwenzake arudi, aamue kama mstari usogee mbele kumwacha mshambuliaji ameotea au urudi nyuma kumlinda kipa. Akishaupata mpira, yeye ndiye mwanzilishi wa shambulizi. Pasi ndefu za Ignashevich kuelekea upande wa kushoto, alikokimbia Yuri Zhirkov, au moja kwa moja kwa washambuliaji Vágner Love na Ivica Olić, zilikuwa silaha kamili ya timu ile.

Matunda makubwa zaidi ya ngome hiyo yalionekana Lisbon tarehe 18 Mei 2005, katika fainali ya Kombe la UEFA. Mpinzani alikuwa Sporting, na uwanja ulikuwa wa Sporting wenyewe. Rogério aliwapa wenyeji bao la kuongoza kipindi cha kwanza. Baada ya mapumziko Aleksei Berezutski alisawazisha kwa kichwa, Zhirkov akaongeza la pili, Vágner Love akamaliza kazi kwa la tatu. CSKA ikawa klabu ya kwanza ya Urusi kutwaa kombe la Ulaya, na nahodha wake usiku ule alikuwa Ignashevich, akiwa na umri wa miaka 25. Ubingwa wa ligi ulifuata mwaka 2005 na 2006, kisha, chini ya Leonid Slutsky, katika misimu ya 2012–13, 2013–14 na 2015–16. Ukijumlisha na ule wa Lokomotiv, alikuwa bingwa wa Urusi mara sita.

Yafaa kuuliza ni nini kilichomweka mchezaji mmoja juu kwa muda wote huo, kwani mbio hazikuwahi kuwa nguvu yake. CSKA ilipoachana na mabeki watatu na kuwa na wawili wa kati, eneo la kulinda liliongezeka, na kila mwaka wakosoaji walisema wakati wake umekwisha. Jibu la kwanza ni jicho lake: beki anayejua pa kusimama hahitaji kukimbizana na mtu. La pili, ambalo huenda lina uzito zaidi, ni wenzake. Ignashevich, pacha wa Berezutski na Akinfeev walikaa pamoja klabuni zaidi ya miaka 14, na mara nyingi wakawa pamoja katika timu ya taifa pia. Ni nadra kwa soka ya kisasa, yenye kuuza na kununua wachezaji kila dirisha la usajili, kuacha watu wanne wa nyuma wazoeane kiasi hicho. Walijuana bila kuitana, na maelewano hayo yaliokoa hatua ambazo miguu ilikuwa ikizipoteza.

Alikuwa na manufaa mbele pia. Alipiga penalti na mipira ya adhabu, jambo lisilo la kawaida kwa beki wa kati, na kwenye kona kichwa chake kilitafutwa.

Kipindi hicho kilikuwa na doa moja. Baada ya mechi dhidi ya Manchester United mnamo Novemba 2009, yeye na Aleksei Berezutski walikutwa na chembechembe za dawa ya mafua iliyokuwa imepigwa marufuku siku ya mechi. UEFA iliwafungia mechi moja kila mmoja.

Timu ya taifa ilimwita kwa mara ya kwanza Agosti 2002, katika mechi ya kirafiki dhidi ya Sweden. Kilele chake kilikuwa Euro 2008, Guus Hiddink alipoifikisha Urusi nusu fainali baada ya kuitoa Uholanzi kwa mabao 3–1 huko Basel, kisha Hispania ikaizuia kwa 3–0. Baadaye zikaja Euro 2012, Kombe la Dunia la 2014 na Euro 2016, na mara zote tatu Urusi ilitolewa hatua ya makundi. Baada ya ile ya 2016, iliyomalizika kwa kipigo cha 3–0 kutoka kwa Wales, Ignashevich aliaga timu ya taifa.

Miaka miwili baadaye Urusi ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia, na safu yake ya nyuma ilikuwa imevunjika. Georgi Dzhikiya na Viktor Vasin, mabeki wa kati walioandaliwa kwa mashindano hayo, waliumia goti mapema 2018. Mwezi Mei kocha Stanislav Cherchesov alimwita Ignashevich, akiwa na miaka 38. Matumaini ya nchi yalikuwa madogo. Urusi ilikuwa ya 70 katika orodha ya FIFA, ya chini kuliko timu zote 32 zilizoshiriki. Alicheza mechi zote tano.

Mechi ya nne, dhidi ya Hispania mjini Moscow tarehe 1 Julai, inaeleza kazi ya beki kuliko maelezo yoyote. Dakika ya 12, akiwa ameshikana na Sergio Ramos na mgongo ameupa mpira, krosi ilimgonga mguuni ikaingia wavuni. Alikuwa amejifunga, na hakuna aliyewahi kujifunga katika Kombe la Dunia akiwa na umri mkubwa kama wake. Artem Dzyuba alisawazisha kwa penalti. Kilichofuata ni saa nzima na zaidi ya kuzingirwa: Hispania ilipiga zaidi ya pasi 1,000, Urusi ikajilinda na mabeki watano, Ignashevich katikati yao, kama enzi za Gazzaev. Bao la pili halikupatikana. Mechi ilipofikia mikwaju ya penalti, yeye alipiga wa pili wa Urusi na kufunga. Akinfeev akapangua miwili, na Hispania ikatolewa kwa 4–3.

Siku sita baadaye huko Sochi, dhidi ya Croatia, alifunga tena penalti yake, ila safari hii Urusi ilishindwa kwa mikwaju 4–3 baada ya sare ya 2–2. Hiyo ilikuwa mechi yake ya 127 kwa taifa, idadi ambayo hakuna mchezaji wa Urusi wala wa Umoja wa Kisovyeti aliyekuwa ameifikia. Akatundika daluga, na pacha wa Berezutski nao wakastaafu kiangazi kilekile.

Aligeukia ukocha, akaanza kuongoza timu ya wakubwa Torpedo, klabu iliyomlea. Mwaka 2022 alikabidhiwa Baltika ya Kaliningrad, na mwaka uliofuata akairudisha Ligi Kuu, ambako haikuwa imecheza tangu 1998. Msimu wa 2023–24 Baltika ilifika fainali ya Kombe la Urusi, ikafungwa 2–1 na Zenit, na msimu huohuo ikashuka daraja.