Lagos Haiji Kukulaki Njiani

Swali limenirudia tena wiki hii, kwa maneno yale yale: kwa nini ndege ya Nairobi kwenda Lagos hutumia saa tatu, na kurudi saba? Kabla sijafungua kinywa, muulizaji keshajijibu: dunia inazungukia mashariki, kwa hiyo ukielekea magharibi Lagos inakuja kukulaki.

Haiji.

Dunia inazunguka, hilo halina ubishi. Kwenye Ikweta uso wake unakwenda takriban kilomita 1,670 kwa saa, karibu mara mbili ya ndege ya abiria. Basi tuifuate hoja hiyo mpaka mwisho wake. Kama kuwa angani kungetosha ardhi ikupite chini, rubani wa helikopta angepaa uwanja wa Wilson, Nairobi, akatulia hewani saa moja, akashuka katikati ya misitu ya Kongo. Makampuni ya ndege, yanayohesabu kila lita ya mafuta, yangeshaigundua biashara hiyo zamani. Na ndege ya kurudi Nairobi isingefika kamwe, maana ingekuwa inaufukuza mji unaoishinda mbio maradufu. Hilo muulizaji halisemi.

Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege yenyewe ilikuwa na kasi hiyo tangu ikiwa imeegeshwa. Nzi aliyemo ndani ya basi la Mombasa haachwi nyuma kila anaporuka kutoka kitini. Hewa ingekuwa imesimama, upepo wa kilomita 1,670 kwa saa usingetuachia hata bati moja juu ya paa.

Atatokea mjanja wa kunitajia upepo. Sawa, upepo una sehemu yake. Lakini ile mikondo mikali ya juu inayotoka magharibi hukaa mbali na Ikweta. Humgusa anayeruka kati ya Cairo na Casablanca majira ya baridi, na huko anayekwenda magharibi ndiye anayecheleweshwa. Nadharia yenu ilituahidi kinyume chake.

Jibu lenyewe halijai kiganja: tiketi huandika saa za mahali. Lagos iko nyuma ya Nairobi kwa saa mbili. Ukiondoka Nairobi saa nne asubuhi, ukakaa angani muda wa saa tano, unatua Lagos wao wakiwa saa saba mchana. Ukiondoka Lagos saa nane mchana, unafika Nairobi saa tatu usiku. Safari ni ile ile, tofauti ni dakika chache tu. Umbali ni kama kilomita 3,830. Gawanya kwa 850, kasi ya ndege kwa saa, ongeza nusu saa ya kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka.

Mengine haraka haraka. Geuza saa zote ziwe za UTC, saa ya marejeo ya dunia, kabla ya kutoa: Nairobi na Dar es Salaam +3, Kigali, Johannesburg na Lubumbashi +2, Kinshasa na Lagos +1 (ndiyo, Kongo moja, kanda mbili za saa). Misri imerudia kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi tangu 2023; Moroko huzirudisha nyuma mwezi wa Ramadhani. 14:00 ni saa nane mchana, si saa mbili. Vikokotoo vya mtandaoni hupima mstari ulionyooka hata pasipo na ndege ya moja kwa moja. Kama unabadilisha ndege Addis Ababa, hesabu hiyo itupe. Na kwa kawaida muda wa safari umekwisha kuandikwa kwenye tiketi yako. Usome kabla ya kuniuliza.