Anayetuuliza Habari Zetu ni Nani?



Katika mashamba ya michikichi ya Rumonge, na huku kandokando ya ziwa, jambo hili hutokea mara kwa mara. Kijana anafika na daftari. Anasema yeye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, anataka kujua tunaamka saa ngapi, tunakata mikungu mingapi kwa siku, tunalipwa nini, na watoto wetu wangapi wanasoma. Baadhi yetu humkimbia, kwa kudhani ametumwa na mwajiri au na watoza kodi. Wengine humdanganya. Wengine humjibu kila kitu, hata kumtajia majina ya wenzao, bila wao kumwuliza swali hata moja. Sisi katika chama tunaona njia zote tatu zina hasara. Kwa hiyo leo tunaeleza kazi ya watu hawa, faida iliyokwisha kupatikana, na namna ya kukutana nao.

Elimu yao huitwa sosholojia, yaani elimu ya jamii. Daktari huchunguza mwili wa mtu mmoja. Mtaalamu wa sosholojia huchunguza jinsi watu wengi wanavyoishi pamoja: nani anatoa amri, nani anafanya kazi, nani anapata nini, na kwa nini. Mwanafunzi anayetaka shahada ya juu, hasa ile ya udaktari, hapewi kwa kusoma vitabu vya wenzake tu. Hutakiwa kuchunguza jambo yeye mwenyewe, aliandike, na walimu wake walipime. Ndiyo maana anakuja kwetu.

Kwa nini anawauliza watu wengi swali lile lile? Mfanyakazi mmoja akisema kwamba mshahara hautoshi, nyapara atajibu kuwa huyo ni mvivu. Lakini wakiulizwa mia moja, kila mtu peke yake, na themanini wakajibu vile vile, hapo malalamiko yamekuwa ushahidi.

Sasa tutazame mifano. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, babu zetu wengi walikwenda Buganda kutafuta fedha. Kodi ilikuwa inawasumbua, na kazi za lazima pia. Kuanzia mwaka 1950 Bibi Audrey Richards, Mwingereza, aliongoza taasisi ya uchunguzi wa jamii huko Makerere, Uganda. Yeye na wenzake waliwachunguza wahamiaji hao kutoka Ruanda-Urundi, na kitabu chao kilitoka mwaka 1954. Walionyesha kwamba wengi hawakuandikwa kazi na makampuni, bali walilima pamba na kahawa za wakulima wa Kiganda, na baadhi yao walipata vipande vya ardhi wakakaa moja kwa moja. Bila kazi ile, jasho la babu zetu lingebaki katika masimulizi ya jioni tu.

Mfano wa pili ni wa viwandani. Mwaka 1970 serikali ya Tanzania iliamuru kuundwe mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Henry Mapolu, mwalimu wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikusanya maandishi juu ya wafanyakazi na wakubwa wa viwanda katika kitabu kilichotolewa mwaka 1976. Mabaraza yale yalikuwa ya kutoa ushauri tu. Mfanyakazi alikaa mezani, lakini neno la mwisho lilikuwa la meneja. Hili ni funzo kwa kila chama: usihesabu viti, hesabu maamuzi.

Mfano wa tatu unatugusa sisi wa pwani hii. Mwezi wa Aprili 1972 waasi waliwaua Watutsi wengi huku Rumonge na Nyanza-Lac, kisha jeshi la serikali ya wakati ule likawaua Wahutu wengi mno nchi nzima. Maelfu walikimbilia Tanzania, wengine kwa mitumbwi. Mwaka 1985 Liisa Malkki, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikwenda kukaa na wakimbizi hao kwa muda wa mwaka mmoja. Elimu yake ni anthropolojia, ndugu wa sosholojia. Aliona kwamba waliowekwa katika makazi ya Mishamo waliishika sana historia yao ya ukimbizi, na waliokaa Kigoma mjini walichanganyika na wenyeji, hata hawakupenda kuitwa wakimbizi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Leo tunafanya kazi bega kwa bega na watu waliorudi kutoka huko, na mashamba ya michikichi yameleta kesi kati ya aliyekimbia na aliyebaki. Anayejua mwenzake alipitia wapi hakurupuki kumtukana.

Lakini tuseme ukweli: vitabu vyote hivi vitatu vimeandikwa kwa Kiingereza. Tulitoa habari, habari zikapanda ndege, hazikurudi. Profesa Chachage Seithy Loth Chachage, mwalimu wa sosholojia wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 2006, alionyesha njia nyingine. Pamoja na maandishi yake ya kitaalamu, aliandika riwaya za Kiswahili, kama *Makuadi wa Soko Huria* ya mwaka 2002, ili mambo ya uchumi yasomwe hata na asiyefika chuo kikuu. Hivyo inawezekana.

Basi, ndugu, akija mtafiti tufanye hivi. Kwanza, tumwombe barua ya chuo chake, na tumwulize nani analipia safari yake. Pili, tuulize kama majina yetu yataandikwa. Asiyetaka jina lake liandikwe aseme mapema, na tusitaje kamwe jina la mwenzetu. Tatu, tukikubali kujibu, tuseme kweli. Anayepunguza saa zake za kazi kwa hofu, au kuongeza watoto kwa kutumaini msaada, anaharibu ushahidi wa wote. Swali usilolitaka, kataa. Ni haki yako. Nne, tumtake ahadi ya kurudi, atusomee alichokiona kwa Kirundi au Kiswahili, na aache nakala moja katika chama. Siku ya kuzungumza na mwajiri juu ya mishahara, nakala hiyo itakaa mezani pamoja nasi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wao wanatuuliza. Na sisi tuwaulize.